Chuo cha ngapi? Maswali ya wasomaji wa Mtwara na Lindi kuhusu viwango vya vyuo vikuu

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipoi. Wengi mnauliza kuhusu orodha zinazosema chuo fulani ni cha ngapi Afrika au duniani. Nimefanya kazi maktaba ya chuo miaka mingi, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuhesabu makala za wahadhiri wetu. Nimechagua maswali matano.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita Masasi. Orodha moja inakiweka chuo ninachokitaka juu kabisa Afrika, nyingine inakitupa chini. Nani mkweli? (Mhitimu, Masasi)

Marahaba mwanangu. Wote wanaweza kuwa wakweli. Kwenye ghala la korosho kuna anayetazama uzito wa gunia, na kuna anayepasua korosho kukagua kiini. Gunia ni lilelile, majibu mawili.

Chukua orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003. Asilimia 20 ya alama inatokana na makala zilizotoka katika majarida mawili tu, Nature na Science. Asilimia 20 nyingine ni watafiti wanaorejelewa sana na wenzao, na 20 nyingine tena ni wanataaluma wa chuo waliopata Nobeli au nishani ya Fields ya hisabati. Na si kila Nobeli inayohesabiwa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kent kule Uingereza, alipata Nobeli ya fasihi mwaka 2021, lakini kipengele hicho cha wanataaluma kinatambua fizikia, kemia, tiba na uchumi tu. Fasihi haimo.

Kwa hiyo ukiambiwa chuo ni cha ngapi, uliza kwanza wamepima nini. Mara nyingi utakuta wamepima utafiti. Namna utakavyofundishwa darasani haimo humo, au imo kidogo sana.

Mwanangu amepata nafasi chuo kidogo huko Mtwara. Nimekitafuta kwenye orodha zote sikioni. Je, ni chuo feki? (Mzazi, Lindi Mjini)

Hapana, ndugu mzazi. Orodha ya Times Higher Education, kwa mfano, imeweka kizingiti: chuo kiwe na makala zisizopungua 1,000 ndani ya miaka mitano. Chuo chenye wahadhiri sabini kitazipata wapi? Uhalali wa chuo unathibitishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tazama kama chuo kina ithibati, na kama programu ya mwanao inatambuliwa. Hilo ndilo la kukuondolea wasiwasi.

Tija ya mhadhiri katika utafiti inahesabiwaje hasa? Kuna mtu anayesoma makala zote hizo? (Mwalimu wa sekondari, Newala)

Hakuna anayezisoma zote, na hapo ndipo shida inapoanzia. Kinachofanyika ni kuhesabu kutoka kwenye kanzidata kubwa chache, hasa Scopus na Web of Science. Makala ikiwa katika jarida lililoingizwa humo, inahesabiwa. Isipokuwamo, ni kama haikuandikwa. Majarida mengi ya humo ni ya Kiingereza. Wazee wetu wa taasisi ya Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumia miaka kutunga kamusi tunazotumia mashuleni mpaka leo, na katika hesabu za namna hii kazi hiyo haionekani. Hili linaniuma, na sitachoka kulisema.

Baada ya kuhesabu makala, wanahesabu marejeo, yaani mara ngapi watafiti wengine wameitaja makala hiyo. Kuna pia kipimo cha h, kilichobuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Tuseme mhadhiri ana makala tano, zilizorejelewa mara 40, 18, 6, 4 na 1. Hesabu kutoka juu: makala nne zimefikia marejeo manne au zaidi, basi h yake ni 4. Sasa angalia ile makala ya kwanza. Hata ingerejelewa mara 4,000, h ingebaki 4.

Halafu kuna swali la kugawanya, ambalo wengi hulisahau. Chuo chenye wahadhiri 1,200 kikitoa makala 1,800, ni makala moja na nusu kwa kila mhadhiri. Chuo chenye wahadhiri 90 kikitoa 180, ni mbili kwa kila mmoja. Ukitazama jumla, cha kwanza kimeshinda mara kumi. Ukitazama tija, cha pili kiko mbele. Tena makala yenyewe inaweza kuwa na waandishi wengi: mwaka 2015 ilitoka makala moja ya fizikia yenye waandishi 5,154. Ndiyo maana orodha ya Leiden, ya Uholanzi, hugawa makala vipande ili kila chuo kipate fungu lake.

Watafiti wa nje huja kwetu kuchukua sampuli, wanaondoka. Sifa zinakwenda wapi? (Mhadhiri msaidizi, Mtwara)

Zinakwenda kwenye anwani, ndugu yangu. Fungua makala yoyote ya kitaaluma: chini ya majina ya waandishi kuna mstari mdogo wa taasisi zao. Mstari huo ndio unaohesabiwa. Mahali utafiti ulipofanyika hapaingii.

Sisi tunalijua hili zamani. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ilichimbwa Tendaguru, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi mmoja wa mifupa hiyo, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama makumbusho ya Berlin, na maandiko yaliyomhusu yaliandikwa kwa anwani ya huko. Mwaka 1952 homa ya kukunja viungo ilivamia uwanda wa Wamakonde, kuanzia Newala. Makala za kwanza kuihusu zilitoka 1955. Jina la ugonjwa huo, chikungunya, ni neno la Kimakonde, na leo dunia nzima inalitamka. Lugha yetu imo kwenye kila makala ya ugonjwa huo. Anwani yetu ni nadra.

Kwa hiyo, kabla hujampeleka mgeni kijijini, zungumza naye uandishi. Nani atachambua takwimu, nani atakuwa mwandishi wa ngapi, sampuli zitabaki wapi. Yaandikwe kwenye makubaliano mapema, wakati wa kuomba kibali cha utafiti COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Usikubali kushukuriwa tu kwenye ukurasa wa mwisho kama kazi umefanya wewe.

Umeuliza pia juu ya barua pepe inayokuita "Profesa Mpendwa" na kukuahidi kuchapisha makala kwa siku tatu ukilipa dola. Ifute. Najua kupanda daraja kunadai machapisho, na najua presha hiyo, lakini makala isiyopitiwa na wataalamu wenzako itakugharimu jina.

Mimi ni mkulima wa korosho. Hivyo viwango vinanihusu nini? (Tandahimba)

Vinakuhusu, mzee wangu, kwa sababu ya kile visichokihesabu. Unakumbuka korosho ilivyoanguka: kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa nyingi, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua ya mkorosho, ulikuwa mojawapo. Watafiti wa Naliendele, hapa Mtwara, walifanya kazi mashambani juu ya ugonjwa huo na juu ya salfa, dawa ya unga ya kuukinga: kiwango gani, wakati gani wa maua. Ukisimama asubuhi na mapema chini ya mkorosho, kabla upepo haujaamka, ukaona ule unga wa njano unavyotua kwenye maua, unaona utafiti wao.

Naliendele ni kituo cha utafiti, si chuo kikuu, kwa hiyo hakimo kwenye orodha hizo hata kidogo. Makala zao huingia pale tu mwandishi mmoja anapokuwa wa chuo, na hapo sifa huandikwa kwa chuo hicho. Kijana wako akitaka kusomea kilimo, mpeleke siku moja Naliendele, si mbali na mjini. Awaulize watafiti wa pale walisoma wapi, na nani aliwafundisha.