Maswali ya gari: "Fundi amekitoa, anasema hakina kazi"

SWALI: Jambo, mkubwa. Nina Toyota Probox ya biashara, inaniletea viazi na kabichi kutoka upande wa Masisi hadi Goma. Ilikuwa inachemka kwenye vilima. Fundi alifungua akatoa themostati, akaniambia kile kifaa ni cha nchi za baridi, kwetu hakina kazi. Tangu hapo imepunguza kuchemka, lakini inakunywa petroli kupita kiasi na plagi zinatoka nyeusi tii. Nifanye nini?
*Mama mfanyabiashara, Mugunga*

JIBU: Mama, kirudishwe. Tena ununue kipya, usikubali kile kilichokaa miezi kwenye kopo la misumari pale garaji.

Themostati ni mlango wa maji. Ndani yake mna kidonge cha shaba chenye nta. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka. Yakifika nyuzi 82 hivi, nta inayeyuka na kutanuka, inausukuma mlango, na maji yanaanza kwenda kwenye rejeta. Aliyebuni injini yako alipanga kila kitu kwa kufuata joto hilo: nafasi kati ya pistoni na silinda, uzito wa oili, kiasi cha petroli. Ukiuondoa mlango, maji yanakimbilia kwenye rejeta tangu unapowasha, na asubuhi za Goma unazijua zilivyo. Injini inakaa baridi muda mrefu mno. Kihisi cha joto kinaiambia kompyuta kwamba gari limewashwa sasa hivi, nayo inazidi kuongeza petroli. Ndiyo hiyo unayoilipa kila wiki. Isiyoungua inaacha masizi kwenye plagi, nyingine inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi, na oili iliyochanganyika na petroli hailindi chuma.

Kuna jingine ambalo mafundi wengi hawalitazami. Kwenye injini nyingi themostati ina mlango wa pili, unaoziba njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukikitoa kifaa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari lililojaa viazi mlimani linaweza kuchemka vilevile.

Hilo neno la "nchi za baridi" linanikera kuliko yote, maana nimelisikia Birere, nimelisikia Majengo, na vijana wanalirithi kama lilivyo. Nyuzi 82 ni joto la injini, popote gari liendako. Toyota zinauzwa Dubai na Kuwait, kwenye jua la nyuzi 45, na zina themostati.

Basi kwa nini ilichemka? Hapo ndipo kazi ya fundi ilipaswa kuanza. Mimi ningeanza na mfuniko wa rejeta. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuriani kwako yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima unabana shinikizo, na maji yaliyo ndani ya rejeta yanavuka nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wake ukipasuka, umerudi kwenye 95, na hilo ni joto ambalo feni ndiyo kwanza inaanza kuzunguka. Kifaa cha bei ndogo, na hakuna aliyekigusa.

Baada ya mfuniko, aangalie feni kama inawaka. Halafu rejeta yenyewe: kwa nje, vumbi la mawe ya volkano na matope, kwa ndani, ukoko. Wengi wetu hapa tunajazia maji ya ziwa. Kivu ina chumvi nyingi za madini, na maji yake yakipata moto yanaacha ukoko mweupe kwenye mirija, uleule unaouona kwenye birika. Rejeta isafishwe, kisha iwekwe kulanti, ile dawa ya rejeta, pamoja na maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri.

Na kabla themostati mpya haijafungwa, mwambie fundi aipime mbele yako. Aitundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya mbabula, isiguse chini. Maji yakikaribia kuchemka utaona mlango unafunguka polepole. Ikitolewa ipoe, unajifunga. Akishaona hivyo, aiweke kile kipini chake kidogo kikiwa juu ili hewa ipate pa kutokea. Akikuambia hana muda wa mambo hayo, peleka gari kwa mwingine.

SWALI: Bolti mbili za gurudumu la nyuma zimekatika. Kwado aliyeziba tairi anasema ni barabara, mawe ya lava. Kweli?
*Dereva wa teksi, Majengo*

JIBU: Hapana, ndugu. Lava inakata tairi, inakula bushi, inachana mipira ya ekseli. Bolti za gurudumu zinakatwa na bomba.

Unaliona kila siku: kwado anachomeka bomba la mita moja kwenye spana, anapanda juu na kuruka. Corolla na RAV4 nyingi zinataka mkazo wa nyutoni-mita 103 kwenye nati. Mtu wa kilo 70 akisimama tu mwisho wa bomba la mita moja, bila kuruka, anatoa karibu 690. Bolti imevutika kupita uwezo wake tayari. Itakatika wiki ijayo au mwezi ujao, ukiwa umepakia watu.

Tazama pia nati zenyewe. Za Toyota zina nafasi ya milimita 1.5 kati ya jino na jino, za Nissan nyingi 1.25, na unene wa bolti ni uleule, milimita 12. Ya Nissan itaanza kuingia kwenye Toyota, itakaza, na mwenye bomba ataimalizia kwa nguvu. Meno yamekwisha. Nati nzuri inazungushwa kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikigoma kwa vidole, itolewe itazamwe. Kisha zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, gurudumu likiwa limegusa chini.

Badilisha bolti zote za gurudumu hilo, hata zinazoonekana nzima.

SWALI: Papa, mimi ni mwanafunzi wa garaji. Nikipata pesa kidogo, ninunue chombo gani kwanza?
*Kijana wa Ndosho*

JIBU: Spana yenye kipimo, mwanangu, ile inayolia "tak" mkazo ukitosha. Kabla hujaipata, okota kipande cha katoni, ambacho ni cha bure. Unapofungua kifuniko cha injini, chora umbo lake kwenye katoni, toboa matundu mahali pa kila bolti, na kila unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Bolti ya milimita 45 haitaingia mahali pa 30 na kugonga mwisho wa tundu kabla haijabana. Nilimkuta kijana mmoja wa hukohuko Ndosho akifanya hivyo, mikono imejaa grisi na katoni yake safi, na mwisho wa kazi hapakubaki hata bolti moja mkononi. Nikamkabidhi gari langu siku hiyohiyo.

Na silikoni, ile gundi ya kuzibia, uiweke mbali. Mahali penye gasketi, funga gasketi. Silikoni iliyozidi inamenyuka kwa ndani na kuziba kichujio cha pampu ya oili.

SWALI: Usiku kwenye barabara ya Sake taa za magari zinanipofusha, hata zikiwa zimeshushwa. Madereva wote wamekosa adabu?
*Motari, Katindo*

JIBU: Wapo wasio na adabu, lakini mengi ya magari hayo yanakupofusha bila dereva kujua. Japani wanapita kushoto. Taa ya chini ya gari la Japani imetengenezwa kupandisha mwanga upande wa kushoto kwa makusudi, ili dereva aone ukingo wa barabara na waendao kwa miguu. Kongo tunapita kulia, kwa hiyo kushoto kwake ndiko uliko wewe na pikipiki yako. Juu ya hapo anaondoa balbu ya H4 na kuweka ya LED ya bei rahisi. Ndani ya H4 kuna kikombe kidogo cha chuma chini ya waya wa taa ya chini, kinachozuia mwanga usipande. LED mbovu inamwaga mwanga kila upande.

Wenye magari, nawaomba: usiku simamisha gari mita tano kutoka ukutani, washa taa za chini. Mwanga ukiwa na mstari ulionyooka kisha ukapanda kushoto, taa hizo ni za Japani. Kwa RAV4 au Corolla mnaweza kutafuta taa za nchi zinazopita kulia. Kwa Probox ni vigumu, maana ilitengenezewa soko la Japani. Hapo rudisheni balbu ya kawaida, shusheni taa kwa skrubu iliyo nyuma yake, na mbandike mkanda mweusi kwenye sehemu ya kioo inayorusha mwanga huo, mkiusogeza kidogo kidogo mbele ya ukuta mpaka ule unaopanda kushoto upotee.