Maswali ya wasomaji: Kibanzi, boriti na daftari la mweka hazina

Bwana Yesu asifiwe. Naimba kwaya, na sisi tunakaa mbele tukiwatazama washarika. Ibada nzima macho yangu yanapita kwa watu: huyu kachelewa, yule nilimwona baa na leo anaijongea meza ya Bwana. Nimetubu mara nyingi, narudi palepale. Nifanye nini?
*Mwanakwaya, Iringa*

Amina, dada yetu. Kwanza tua mzigo usio wako: kuona si kuhukumu. Yule aliyesema "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi" katika Mathayo 7:1 ndiye anayetuambia, mstari wa 15 wa sura hiyohiyo, tujihadhari na manabii wa uongo. Utajihadharije na mtu usiyempima?

Kosa liko hatua moja mbele. Dorotheo wa Gaza, mtawa wa karne ya 6, alilichambua jambo hili alipowafundisha wenzake. Alitenganisha kumsema mtu, kumhukumu na kumdharau. "Fulani alidanganya" ni kumsema. "Fulani ni mwongo" ni kumhukumu, maana umeliacha tendo moja ukatoa hukumu juu ya maisha yake yote. Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Alilewa, mlevi. Aliiba, mwizi. Kitenzi kina wakati wake: jambo lilitokea, likapita. Jina halina wakati, linamganda mtu. Basi usikilize ulimi wako, hata ule wa moyoni, pale unapohama kutoka kitenzi kwenda jina.

Msome Eli katika 1 Samweli 1. Kuhani ameketi kitini pake penye mwimo wa hekalu, mwanamke aitwaye Hana anaomba. Midomo inatikisika, sauti haisikiki. Eli aliona sawasawa kabisa; midomo kweli ilikuwa inatikisika. Alichokosea ni jina alilompa: mlevi. Kumbe aliyekuwa mbele yake ni mama mwenye huzuni, hakunywa divai wala kileo. Lakini tumtendee haki na Eli: alipojibiwa hakubishana, wala hakujitetea kwa ukuhani wake. Alimwambia aende kwa amani, akamwombea apewe alichokiomba. Kuacha kuhukumu ni pamoja na kukubali haraka hivyo kwamba ulikosea.

Kwa hiyo, ukiona la kukukwaza, sema moyoni sentensi tatu tu. Ya kwanza ni ulichokiona, kwa kitenzi na wakati wake: "Nilimwona baa Ijumaa jioni." Ya pili ni usichokijua: "Sijui alifuata nini, wala yaliyopita kati yake na Mungu tangu Ijumaa hadi leo." Ya tatu ni sala: "Bwana, umrehemu yeye, unirehemu na mimi." Kisha rudisha macho kwenye kitabu cha nyimbo. Usiku, kabla ya kulala, tenga dakika tano uwataje kwa majina wale uliowapachika jina siku hiyo. Nadhani hapa ndipo toba yako inapokwama. "Nisamehe kwa kuhukumu watu" ni toba pana mno, haina pa kushika. "Nisamehe kwa kumwita mama fulani mnafiki" inashika.

Usipigane na wazo lenyewe. Kuku akiingia ndani, ukimfukuza kwa fimbo anavunja vyombo. Ukimfungulia mlango anatoka. Jihadhari pia na saa za hatari: pale nje ibada ikiisha mnaposimama kusalimiana, na njiani mkirudi nyumbani. Wazo ulilolishinda kanisani hupata wasikilizaji hapo.

Katika jumuiya yetu kuna dada ambaye kila wiki hutuomba tumwombee fulani, kisha anaeleza ndoa ya huyo fulani inavyoyumba. Je, ni maombi au umbea?
*Msomaji, Nakuru*

Swali la kumuuliza kwa upole ni moja: huyo fulani mwenyewe ameomba aombewe jambo hili? Kama hakuomba, tajeni jina lake peke yake, ombeni, mwendelee. Mungu hahitaji kusimuliwa.

Sisi ni kikundi cha kina mama kanisani. Pesa za rambirambi hazilingani na daftari. Mmoja alipouliza, akaambiwa "usihukumu". Tunyamaze?
*Mama wa kikundi, Tanga*

Msinyamaze. Neno hilo la Bwana linageuzwa pazia mara nyingi mno, na wanaoumia ni wafiwa.

Baada ya neno hilo, Bwana anamtaja mtu anayekitazama kibanzi jichoni mwa ndugu yake, asiione boriti jichoni mwake. Ninyi wa pwani boriti mnazijua, zile za mikoko zinazobeba dari. Kibanzi ni mti uleule, kipande tu kilichoruka. Bwana hakusema kibanzi kiachwe jichoni. Alisema toa boriti kwanza, "ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi". Na kibanzi hutolewa kwa karibu, kwa mikono iliyonawa, mwenzako akiwa ameinamisha kichwa kwa hiari yake. Hakitolewi kwa kupiga kelele kutoka ng'ambo ya ua, wala kwenye kundi la WhatsApp.

Boriti yenu huenda ni hii: je, kikundi kilimwachia mtu mmoja daftari, pesa na simu, bila mkaguzi? Lisemeni hilo kwanza. Halafu fuateni Mathayo 18:15-17. Mmoja wenu aende kwa mweka hazina, wao wawili tu, na daftari mkononi. Azungumze kwa tarakimu: "Daftari lina 340,000, kwenye simu kuna 215,000. Hizi 125,000 ziko wapi?" Huenda alilipia jeneza akasahau kuandika. Mpeni muda unaojulikana, tuseme wiki moja. Asipojibu, waende wawili au watatu. Ikishindikana, ndipo lifike kwa viongozi wa kanisa. Wengi huharibu kwa kuanzia mwisho, na mtu akishatajwa hadharani hujitetea badala ya kueleza.

Hatua hizi si za kila kosa. Mtoto akidhurika, au mtu akipigwa nyumbani, msianze na kikao cha faragha wala upatanisho. Nendeni polisi au ustawi wa jamii. Kwa watoto, piga 116, Tanzania hata Kenya, bila malipo. Kumkinga aliyeumizwa hakumnyang'anyi Mungu hukumu yake.

Turudi kwa mweka hazina. Akikiri, pangeni malipo anayoyaweza. Kusamehe hakuwalazimu kumrudishia daftari wiki hiyohiyo. Mchagueni mwingine, na pesa zitoke kwa saini mbili. Kila awamu anayolipa aandikiwe risiti, na salio walijue yeye na kamati, basi.