Shangazi, kweli unalinda vichaa?

Idrisa aliniuliza kwenye grupu la ukoo, mbele za watu: "Shangazi, kweli huko Marekani kazi yako ni kulinda vichaa wa Kimeksiko? Na mimi nikija nitaipata hiyo kazi?" Vicheko vikafuata. Siku hiyo nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikanyamaza. Leo nina mapumziko, nitajibu.

Kweli, baba. Mwaka wa tisa huu niko Los Angeles, kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili. Usifikirie hospitali kubwa ya vichaa kama Mirembe ya Dodoma. Ni nyumba ya mtaani tu, vitanda 12, uani kuna mndimu. Nagawa dawa, nafua mashuka, nawasindikiza kliniki, naandika kwenye mafaili. Wengi wana skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, na zaidi ya nusu asili yao ni Meksiko, El Salvador na Guatemala. Semina za kazini zinatufundisha kuwaita Latine, yaani watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, ili neno lisibague mwanamke na mwanamume. Wao wenyewe sijamsikia hata mmoja akijiita hivyo. Utasikia "mimi wa Michoacán", jimbo la Meksiko, kama sisi tunavyosema mimi wa Pangani.

Habari ya mshahara inakuja, subiri. Kwanza kosa langu.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na bibi mmoja, nitamwita Doña, yaani Bi. Alifiwa na dada yake huko kwao na hakwenda kuzika, kwa sababu hana makaratasi. Akivuka mpaka, harudi. Usiku wa manane nikamkuta amekaa kitandani anazungumza. Kihispania changu wakati ule kilikuwa cha kununulia nyanya. Nikadaka neno moja, hermana, dada. Nikaandika: anaongea na watu wasiokuwepo. Daktari akasoma nilichoandika, akaongeza dozi. Wiki nzima Doña alilala mchana kutwa, na akiamka kijiko kinamtetemeka mkononi, mchuzi unamwagikia kifuani.

Mpishi wetu, mama wa Kisalvador, ndiye aliyekaa naye akamuuliza: dada alikuja kukwambia nini? Akajibu: alikuja kuniaga, maana hatukuagana. Basi. Sauti za ugonjwa wake Doña alizijua vizuri, ni za mwanamume na humtukana. Hii haikuwa hiyo, na yeye alijua. Mimi ndiye sikuuliza. Mimi, Idrisa, niliyemwona bibi yako akimwekea marehemu babu yako kikombe cha kahawa barazani siku arobaini, na hakuna aliyempeleka Mirembe.

Baadaye nikajua kwamba maswali ya kuuliza yapo, yameandikwa. Kitabu ambacho madaktari wa huku hutumia kutambua magonjwa ya akili, toleo la tano la mwaka 2013, kina maswali 16: ungewaelezaje ndugu zako shida yako, unadhani imeletwa na nini, nani amekusaidia hadi sasa. Mganga wa kwetu anakuuliza hayo kabla hujakaa sawasawa mkekani. Ila yanataka muda, na daktari wetu akija ana robo saa kwa kila mgonjwa.

Familia nyingi hazisemi skizofrenia, zinasema nervios, kama kusema mishipa ya fahamu imemchosha. Mwanzoni niliona wanajidanganya. Kumbe watafiti wa hapahapa kusini mwa California walilisikia neno hilo tangu miaka ya 1980, na walikuta ndugu wa Kimeksiko wanamlaumu mgonjwa kidogo kuliko familia za Wazungu. Lawama za nyumbani ni moja ya mambo yanayomrudisha mtu wodini. Mwenye nervios ni mgonjwa, anapewa supu. Mwenye kuitwa loco, kichaa, anakimbiwa. Lakini neno hilohilo linachelewesha. Tuna kijana aliyefika kwetu baada ya miaka minne ya chai ya majani na maombi, akiamini jirani anayasoma mawazo yake kupitia nyaya za umeme. Mama yake alikuwa akisema atatulia tu. Sindano ya kila mwezi ndiyo iliyomtuliza, na mama bado anamletea chai. Sioni ubaya, mradi daktari aambiwe ndani ya chai kuna nini.

Kitu kilichoniuma kuliko vyote nilikiona kliniki. Mgonjwa mama, mkalimani hakuna, akasimamishwa mtoto wake wa miaka kama kumi. Mama akasema sauti zinamwamuru ajiue. Mtoto akamtazama mama, akamtazama daktari, akatafsiri: "Anasema amechoka." Wakati huo nilishaelewa Kihispania, nikafungua mdomo. Kanuni za serikali kuu za tangu 2016 zinakataza kumtumia mtoto hivyo, isipokuwa kwa dharura. Waliomsimamisha pale walizijua. Na Kihispania chenyewe hakitoshi: kuna wazee wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, lugha yao ni Kimixteko, wanaletewa mkalimani wa Kihispania wanaitikia sí, sí, ndiyo, ndiyo, kwa adabu, kama sisi tukiletewa mtu wa kututafsiria "Kiafrika". Lilishanipata hilo.

Ijumaa tuna kikao cha dichos, methali zao. Si ubunifu wetu. Mwanasaikolojia mmoja aliyekiendesha na wagonjwa waliolazwa California alikiandikia tangu 1996. Juzi tulichukua *cada cabeza es un mundo*, kila kichwa ni dunia. Yule kijana wa nyaya, ambaye huwa haongei, akatazama dari akasema, "Yangu ina foleni." Tulicheka mpaka Doña akakohoa. Na yeye akacheka.

Sasa mshahara. Kodi ya chumba inakula nusu, ndiyo maana nafanya zamu mbili. Nimepigwa makofi mara mbili, nimekumbatiwa mara nyingi zaidi. Ukija na makaratasi yaliyonyooka kazi ipo, ni nafuu kuliko kubeba maboksi, na mgongo utauma vilevile. Anza Kihispania sasa, usisubiri uwanja wa ndege.

Na neno vichaa, mwanangu, usiliandike tena humo. Yumo mtu kwenye grupu aliyewahi kulazwa Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Tanga, miezi mitatu. Siku ile mlipocheka, na yeye aliweka kicheko.