Mkuu, weka hiyo sururu chini kwanza

Usiende Jumamosi. Umesema umeuona mzaituni mwitu huko Monduli, shina nene kama paja, kimo hakifiki kiunoni, unataka uung'oe wikiendi hii, uoshe mizizi, uupachike kwenye chungu cha bonsai, ile miti inayofugwa midogo kwenye chungu, na kuanza kuukunja kwa waya. Halafu unauliza udongo gani, chungu gani, waya gani na kibali kwa nani. Nimesoma mara mbili na roho imeniuma, maana huyo ni mimi kabisa. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilishakodi pikapu.

Wangu niliupata upande wa Longido, karibu na boma. Wamaasai wanauita oloirien. Mbuzi walikuwa wameutafuna miaka na miaka, kila ukichipua wanarudi, mpaka shina likanenepa chini na kujipinda kama mzee anayeinuka kwenye kigoda. Mkasi haukupi umbo lile. Mbuzi ndio mafundi wa bonsai nchi hii, na hawadai hata posho. Mzee wa boma akaniambia aliukuta hapohapo tangu akichunga ndama. Nikampa 30,000, tukapeana mikono.

Mjini kuna bwana anauza maua na miche, anajiita mtaalamu. Mtaalamu wa kuuza vyungu, labda. Akaniambia nipige maji ya mpira mpaka mizizi iwe myeupe, eti udongo wa porini una wadudu. Nikaosha, mkuu, kama masufuria ya harusi. Ile mizizi myembamba kama nywele, ambayo ndiyo inayokunywa maji, yote ikaishia mferejini. Akaniuzia na chungu cha bluu kinachong'aa, kina chake kama sahani ya pilau: 120,000. Na hiyo ilikuwa Februari, jua linachoma, kwa sababu nilikuwa nimeangalia video ya mtu wa Ulaya anayesema chimba baridi inapoisha, kabla mti haujaamka. Kwao miti inalala na theluji. Longido mwezi wa pili nani amelala? Ningengoja wiki chache tu ningekutana na masika.

Na bado hilo si kosa lenyewe. Kosa ni hili.

Wiki ya tano mti ukachipua. Vijani vidogo, vinang'aa juu, chini vina rangi ya dhahabu iliyochujuka. Nikapiga picha, nikawatumia mpaka wajomba. Mtaalamu akajibu, "Umeshika huo, anza kuukunja." Nikautoa kivulini, nikaufunga waya, na kila asubuhi kabla ya kazi nashika shina nalitikisa kidogo, nione kama limekaza. Juni majani yakajikunja, yakakauka yangali na ukijani. Nikakwangua gome kwa ukucha: kahawia. Nikavuta. Ukatoka kama mwiko kwenye uji. Mzizi mpya, hata wa dawa, hakuna.

Yale majani yalikuwa yanakula akiba iliyobaki ndani ya shina. Hata nguzo mbichi ya uzio huchipua ukiichomeka, na nyingine hufa baadaye. Na kama kulikuwa na ncha yoyote nyeupe iliyokuwa inajaribu kutoka, mimi mwenyewe nilikuwa naikata kila asubuhi kwa kutikisatikisa, nikidhani naupenda.

Kwa hiyo ukishaung'oa, USIUGUSE MWAKA MZIMA. Bonge la udongo wake libaki limeshikana na mizizi, lifunge kwa gunia bichi, usioshe kitu. Uweke kwenye kreti la mbao lenye matundu, pembeni jaza zile changarawe za volkano zenye vitundu, Arusha zimejaa, chekecha vumbi litoke. Shina lifunge kwa kamba kwenye kreti lisicheze hata upepo ukivuma. Kivulini. Ukichipua, pita mbali. Mkeo akikuuliza mbona huuangalii, mwambie umeambiwa na mtu aliyeungua. Mpaka utoe matawi marefu yenye nguvu, ndipo tuongee habari za kukunja.

Kibali: nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na kama ni ndani ya hifadhi ya msitu ni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Sheria ya Misitu ya 2002 haina kifungu cha "lakini mti ulikuwa mzuri". Habari za chungu gani sikujibu: kama bado unauliza chungu sasa hivi hujanielewa.

Kile kisiki, mama mmoja jirani yangu wa Kimaasai alikiomba, maana oloirien ndiyo wanayofukizia vibuyu vya maziwa. Ukijumlisha na pikapu, 250,000 zimeishia kwenye moshi. Aliniletea nusu kibuyu, maziwa matamu sana, siwezi kusema uongo.

Mzee wa boma bado hunipigia simu kuuliza mti wake unaendeleaje. Namwambia unaendelea.