Jibu: Pomboo wananikimbia nikizamia, je, nishike pumzi?

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: ukiwa chini ya maji na mtungi wa hewa unawasikia pomboo wa pua ya chupa, wanatokea, unawafuata, wanapotea. Sasa unauliza kama ushike pumzi ili mapovu yasiwatishe.

Usishike pumzi, hata kidogo. Ukipanda mita chache tu huku umeifungia hewa mapafuni, inatanuka na inaweza kuyapasua. Pumua polepole bila kukatisha, inatosha.

Nionavyo mimi, kinachowakimbiza ni huko kuwafuata. Pomboo akiamua anavuka kilomita 30 kwa saa. Wewe na mapezi yako ya plastiki unamaliza hewa bure. Tena wao hupanda juu kuvuta pumzi kila mara, na ukipanda na kushuka nao unajitafutia ugonjwa wa mgandamizo, yaani mapovu ya gesi kujitokeza mwilini. Kwa hiyo wakitokea, kwanza tazama geji ya hewa na kina ulichopo, maana msisimko huo ndio husahaulisha watu. Kisha tulia, mikono karibu na mwili, wape ubavu badala ya kuwakabili uso kwa uso. Nikifanya hivyo, mara nyingine huzunguka wakarudi wenyewe. Mara nyingine hawarudi, basi.

Ukisikia milio yao usihangaike kugeukageuka: majini sauti husafiri kwa kasi zaidi ya mara 4 ya hewani, sikio halitambui upande. Akigonganisha taya kwa kishindo au akipiga mkia, au ukiona mtoto kundini, jitenge taratibu. Na usimguse, hata akikujia mwenyewe.