Vijana wa mapanga ya upepo: bushi ikichomoka inang'aa, msiilaumu gundi

Wadogo zangu, wiki hii kwenye meza ya majaribio kuna bushi tatu zilizochomoka tupu, zinang'aa kama kijiko kipya. Bushi ni kile kipande cha chuma chenye meno ya bolti ndani, kinachogundishwa kwenye faiba ya shina la panga la mtambo wa upepo ili panga lifungwe kwa bolti. Bushi iliyoshikwa sawasawa haitoki hivyo. Ikivutwa mpaka ikubali, hutoka na gundi imebaki kwenye chuma na nyingine kwenye faiba, au hung'oa na nyuzi za faiba zenyewe. Chuma kikitoka kitupu, gundi haikuwahi kukishika. Kwa hiyo acheni kuja kuniambia epoksi ya safari hii ni mbovu.

1. Pimeni kwa mizani. Karatasi ya gundi ikisema 100 za epoksi kwa 30 za hadina (kile kigandishi chake), ni gramu, si vizibo. Hadina ikizidi haiharakishi kitu; inaacha gundi laini.

2. Jasho la chuma. Hapa tukae, maana ndipo mapanga yanapofia.

Asubuhi ya masika hapa Dar, karakana ina nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Hewa ya namna hiyo hutoa umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Bushi zinatoka stoo ya kiyoyozi zikiwa na nyuzi 22. Mnafungua mfuko, mnazipanga kwenye trei, mnaenda kuchanganya gundi. Mkirudi, kila bushi imeshavaa maji. Ni yaleyale ya chupa ya soda ikitoka kwenye friji, ila kwenye chuma kilichopigwa mchanga utando ni mwembamba, umejificha kwenye mikwaruzo, na jicho linapita tu. Mnapaka gundi juu ya maji. Inaganda, inapendeza, ukiigonga kwa sarafu inalia vizuri. Inasubiri mzigo.

Kosa hili tumewarithisha sisi wakubwa, na ni haki lisemwe. Sisi ndio tuliowaambia bushi zikae kwenye kiyoyozi zisishike kutu. Nusu ya pili hatukuisema: zitoke humo zikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, zilale karakanani usiku kucha, na mfuko usifunguliwe mpaka chuma kishike joto la hewa. Gusisheni kipimajoto kwenye bushi yenyewe, si ukutani. Chuma kiwe angalau nyuzi 3 juu ya joto la umande, yaani lile ambalo hewa huanza kutoa maji, kama zile 26 za hapo juu. Kama hakijafika, subirini, hata kama bosi amesimama mlangoni.

Na asetoni nayo inawasaliti. Ikipaa hubeba joto, chuma kinapoa, umande unarudi. Kijana anafuta vizuri kabisa, kitambaa cha kwanza cha kuondoa uchafu, cha pili cha kukausha, halafu anapaka gundi palepale chini ya feni. Ngoja dakika kumi, pima tena.

Hesabu yake ni hii. Bushi ya M12, yaani ya bolti yenye unene wa milimita 12, yenye kipenyo cha nje cha milimita 24 na urefu wa 80 ina eneo la gundi la milimita za mraba 6,000 hivi. Kila milimita ya mraba ikibeba nyutoni 10, jumla ni kilonyutoni 60. Bolti ya M12 ya daraja la nguvu 8.8 inahimili karibu kilonyutoni 49 kabla haijaanza kurefuka bila kurudi. Yaani gundi ikishika yote, bolti ndiyo itakayosalimu amri kwanza. Umande ukila theluthi ya eneo, mnabaki na 40, na mpangilio umegeuka. Panga linalozunguka mara 300 kwa dakika hubeba uzito wake upande huu kisha ule mara 432,000 kwa siku. Penye udhaifu patatafutwa mpaka papatikane.

3. Kupiga mchanga kwa kompresa: mpaka Sa 2½, kiwango cha chuma kusafika karibu kabisa, na gundi ipakwe siku hiyohiyo, ndani ya saa nne kwa hewa yetu ya pwani. Kompresa iwe na kichujio cha maji na mafuta. Mchanga wa ufukweni usiingie kabisa: una chumvi, na vumbi lake linaharibu mapafu yenu. Mapafu hayauzwi Kariakoo. Tumieni chenga za oksidi ya alumini, na barakoa ya kweli, si leso.

4. Meno ya ndani yazibwe kwa bolti iliyopakwa nta. Siyo grisi, siyo silikoni ya kupuliza. Silikoni ikipulizwa kona ile, vumbi lake linatua kwenye bushi za kona hii, na yule aliyepuliza atakuapia kwamba hakusogelea meza. Kweli hakusogelea.

5. Pengo la gundi liwe nusu milimita hadi moja, sawa pande zote. Jazeni tundu kuanzia chini kwa bomba, kisha ingizeni bushi mkiizungusha taratibu mpaka gundi itokeze mdomoni pande zote. Mkimimina kutoka juu mnafungia hewa chini.

6. Fundi wa kukereza chuma wa mtaa wa Gerezani aambiwe achonge ncha ya ndani ya bushi iwe nyembamba polepole. Chuma ni kigumu mara tano hivi kuliko faiba yetu. Kikiishia ghafla, mzigo wote hujazana pale mwishoni na gundi huanza kupasuka hapo. Ndiyo maana kurefusha bushi mara mbili hakuongezi nguvu mara mbili.

7. Penye faiba ya kaboni, tabaka la faiba ya kioo litangulie kati yake na chuma. Kaboni na chuma kwenye hewa ya chumvi ni betri, na kinacholiwa ni chuma.

8. Spana ya toki, ile ya kukaza bolti kwa kipimo, isiguse kitu kabla panga halijapashwa moto kama karatasi ya rezini, yaani epoksi, inavyoelekeza na kupoa kabisa. Na kila mchanganyiko wa gundi utoke na bushi moja kwenye kipande cha majaribio, ivutwe mpaka ing'oke. Niitieni nikaione kabla ya kuitupa.