Kabla hujanunua dachshund wa mabaka, omba karatasi ya DNA ya wazazi wake

Watu wananisimamisha sana njiani nikiwa na Kito wangu, maana ni dachshund, wale mbwa warefu wa miguu mifupi, mweupe mwenye mabaka ya kijivu na jicho moja la bluu, wanasema mbwa mzuri huyu umempata wapi, afu wanamuita na yeye hata hageuki. Hasikii. Kazaliwa hivyo, masikio yote mawili, na jicho la kushoto ni dogo kuliko la kulia, upande huo haoni vizuri.

Nilimnunua hapa Uingereza miaka sita iliyopita. Muuzaji akaniambia rangi hii ni adimu ndo maana bei iko juu, mi nikalipa. Nilivyogundua hasikii nikarudi kuuliza wazazi wake wakoje, nikaambiwa mama ana mabaka, baba ni rangi ya krimu tupu. Nikasema basi si urithi, bahati mbaya tu. Nilikosea.

Mabaka haya wenye dachshund wanayaita dapple, kwa mbwa wengine yanaitwa merle, lakini jeni ni ile ile, PMEL, na wataalamu waliitambua mwaka 2006. Inavuruga rangi nyeusi, hapa inapauka pale inabaki. Mbwa akirithi nakala moja ya jeni hii ya mabaka kwa kawaida anaishi vizuri tu, sisemi kila mbwa wa mabaka ni mgonjwa. Shida ni nakala mbili, moja ya baba moja ya mama. Hapo rangi inakosekana sehemu kubwa ya mwili, na chembe za rangi si za kupamba manyoya tu, ndani ya sikio zinahitajika ili mbwa asikie, macho nayo yanazihitaji ili yaumbike sawasawa.

Ukipandisha mabaka kwa mabaka kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbili. Kila mtoto, yaani haina maana kwenye wanne lazima awe mmoja, wanaweza kutoka watatu au asitoke hata mmoja, kwa hiyo anayekwambia mi nimezalisha mara mbili na wote wazima usimfuate. Kennel Club ya huku, chama kinachosajili mbwa, haisajili kabisa watoto wa wazazi wawili wa aina hiyo.

Sasa yule baba wa krimu. Jeni ya mabaka inagusa rangi nyeusi na ile ya chokoleti, nyekundu na krimu haiziharibu. Mbwa ambaye manyoya yake yote ni krimu anaweza kuwa nayo mwilini na usione baka hata moja, hata mwekundu wakati mwingine anaonyesha kidogo sana utotoni afu yanapotea akikua. Baba yake Kito alikuwa hivyo hivyo. Kwa macho huwezi kujua, mwenye uzoefu wa miaka thelathini naye hawezi, ni kipimo tu, wanapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu wanatuma maabara. Muuzaji akikosa karatasi ya wazazi wote wawili, ondoka, hata kama mtoto kashakulalia mapajani. Najua inauma.

Na usichanganye na mwenye michirizi kama ya chui milia, hiyo ni jeni nyingine na haina madhara haya. Wale wa manyoya ya bluu nao angalia, wengine wananyonyoka manyoya wakikua.

Kama tayari unaye kama wangu, mfundishe kwa mikono. Kiganja juu ni kaa, dole gumba ni umefanya vizuri, usiku nje nawasha na kuzima tochi anarudi, ila barabarani kamba haitoki shingoni hata siku moja. Akilala usimshike ghafla, gonga kwanza godoro lake ahisi mtikisiko, Kito akihisi anafungua lile jicho zima kwanza, ananitafuta, akiniona tu mkia unaanza.